Bustani za mashambani Uingereza majira ya machipuko: mwongozo kamili wa kuzitembelea

Watu wengi wakitaka kwenda kuona maua Uingereza huanza na jina la bustani. Wamelisikia kazini au wameliona kwenye picha za mtu, wananunua tiketi, wanaendesha gari saa mbili, na wakifika wanakuta maua waliyoyafuata yameshapukutika. Ushauri wangu ni kuanza na tarehe. Kati ya mwisho wa Januari na mwisho wa Mei bustani za huku hubadilika sura karibu kila wiki mbili. Kijibustani cha mzee mstaafu nyuma ya kanisa la kijiji, ukikifikia katika wiki yake, kitakufurahisha kuliko bustani mashuhuri uliyoifikia wakati wake umeshapita.

Nimewalenga ndugu walioko Uingereza na wale wanaokuja kuwatembelea watoto au jamaa zao. Nitazungumzia zaidi bustani za watu binafsi, zile zinazofunguliwa siku mbili tatu tu kwa mwaka, kwa sababu ndizo zinazowatatiza wageni: hazina mabango makubwa, hazina mgahawa, na anayekupokea getini mara nyingi ndiye mwenye nyumba.

Ni nani anayefungua geti, na kwa nini

Mwanzo wa utaratibu huu ulikuwa kutafuta fedha za wauguzi. Queen's Nursing Institute ilikuwa taasisi iliyosimamia wauguzi waliokwenda majumbani kuhudumia wagonjwa, wengi wao maskini, miaka mingi kabla ya huduma ya afya ya taifa kuanzishwa mwaka 1948. Mjumbe mmoja wa baraza lake, Elsie Wagg, alitoa wazo jepesi: nchi imejaa bustani nzuri zilizofichwa nyuma ya kuta, basi wenyewe waombwe wazifungue na watoze kiingilio. Mwaka 1927 zilifunguliwa bustani 609, shilingi moja kwa kichwa, na zikakusanya zaidi ya pauni 8,000. Bustani ya mfalme huko Sandringham ilikuwa mojawapo.

Utaratibu huo ndio unaoitwa leo National Garden Scheme. Una bustani zaidi ya 3,000, na katika miaka ya karibuni umekuwa ukitoa zaidi ya pauni milioni 3 kwa mwaka kwa mashirika ya uuguzi na afya, yakiwemo Macmillan Cancer Support, Marie Curie na Parkinson's UK. Uskoti una utaratibu wake tangu 1931. Wengi wetu huku tunaishi kwa kazi za uuguzi na utunzaji wa wazee, kwa hiyo kiingilio hicho kinaenda kwa watu wa fani yetu wenyewe. Hilo ni jambo la kumwambia mwenye bustani mkianza mazungumzo. Huwafurahisha sana.

Hata bustani ambazo leo ni taasisi kubwa zilipita mlango huu. Sissinghurst ya Kent, iliyotengenezwa na mwandishi Vita Sackville-West na mumewe Harold Nicolson baada ya kuinunua mwaka 1930, ilifunguliwa chini ya utaratibu huu mwaka 1938, na Vita akawapa wageni wake jina la utani lililotokana na ile shilingi ya kiingilio. Tangu 1967 iko mikononi mwa National Trust, shirika la kuhifadhi majumba na bustani za kihistoria.

Hatua ya 1: Chagua wiki, kisha ua, kisha bustani

Machipuko ya Uingereza hayaji kwa siku moja. Kila ua lina zamu yake, na zamu hizo hazirudi nyuma.

Mwisho wa Januari na Februari ni zamu ya snodropu, kiua cheupe kifupi kinachoinamisha kichwa na kutoka hata penye barafu. Painswick katika kaunti ya Gloucestershire inajulikana kwa hayo. Machi huingia dafodili za manjano. Ukitaka kuona zile za porini, ndogo na zenye rangi mbili za manjano, nenda Farndale huko North Yorkshire, ambako zinafuata kingo za mto Dove. Machi hiyohiyo na mwanzo wa Aprili, magnolia hufungua maua makubwa kwenye matawi yasiyo na jani hata moja. Caerhays huko Cornwall ni mahali pake hasa. Lakini magnolia ni kamari: usiku mmoja wa baridi kali unatosha kuyageuza maua yote kuwa kahawia. Ukiona utabiri wa barafu, nenda kesho, usingoje Jumamosi.

Kuanzia katikati ya Aprili hadi wiki ya kwanza au ya pili ya Mei ni tulipu, na mwisho wa Aprili blubeli, viua vya buluu, huanza kufunika sakafu ya misitu. Mei ni vichaka vya rododendroni na azalea, kisha wisteria inayoning'inia kwenye kuta za nyumba za zamani. Mwisho wa Mei waridi za kwanza zinafunguka na machipuko yamekwisha.

Tarehe hizi ni za kusini mwa Uingereza. Cornwall hutangulia, kaskazini na Uskoti hufuata baada ya wiki mbili tatu, na bustani iliyo juu ya kilima huchelewa kuliko iliyo bondeni maili tano tu kutoka hapo. Mwaka wenye Februari ya joto unaweza kusogeza kila kitu mbele. Kwa hiyo usiamini kalenda peke yake. Siku nne tano kabla ya safari tazama picha mpya ambazo bustani yenyewe imeweka, uone nini kimefunguka sasa hivi.

Ukiniuliza wiki moja tu ya kuchagua, nitakwambia wiki ya mwisho ya Aprili. Tulipu bado zipo, blubeli zimeingia, micheri ya mapambo na mitofaa imechanua, na majani ya miti ni ya kijani kile cha siku chache tu ambacho Juni hukioni tena.

Kuna kingine cha kukiangalia kabla ya kuchagua, nacho ni udongo. Rododendroni na azalea hutaka udongo wenye asidi, na penye chokaa hufa. Ndiyo maana ukizunguka vilima vyeupe vya chokaa vya kusini hutaona hata moja kwenye bustani za vijiji, kisha unaingia eneo la mchanga na mboji na kila nyumba inayo. Ukiyafuata hayo, nenda Exbury huko Hampshire, shamba ambalo Lionel de Rothschild alilinunua mwaka 1919 na kulijaza rododendroni. Usiye na gari na unayeishi London, Isabella Plantation ndani ya Richmond Park ina azalea nyingi na haina kiingilio.

Hatua ya 2: Tafuta bustani na usome tangazo lake mpaka mwisho

Tovuti ya National Garden Scheme inakuruhusu kuandika postikodi yako na tarehe, ikakuonyesha zilizofunguliwa karibu nawe. Kipo pia kitabu chao cha manjano cha kila mwaka, na vijitabu vya kaunti ambavyo hugawiwa bure maktaba na kwenye maduka ya miche. Mimi napenda vijitabu, kwa sababu vinaonyesha bustani ambayo usingeitafuta kwa jina.

Matangazo yao ni mafupi na yamejaa alama. Kuna alama ya kiti cha magurudumu, ya mbwa, ya miche inayouzwa, ya chai. Ya kiti cha magurudumu isome kwa makini ikiwa unakuja na mzee anayetembelea mkongojo, kwa sababu mara nyingi maelezo yanaongeza kwamba ni sehemu tu ya bustani inayopitika, au kwamba njia ni ya kokoto. Kokoto na mkongojo havipatani.

Tazama pia kama ni bustani moja au ni kijiji kizima. Siku za kijiji, nyumba nane au kumi hufungua kwa tiketi moja. Unaanzia kwenye ukumbi wa kijiji au kanisani, unapewa ramani, unatembea nyumba hadi nyumba. Kwa anayeanza hii ndiyo bora, kwani usipoipenda moja unaingia ya pili, na unaona watu wenye uwanja mdogo kuliko wako wanavyoutumia.

Kiingilio cha bustani ya mtu binafsi kwa kawaida ni kati ya pauni 5 na 10, na watoto mara nyingi huingia bure. Nyingine zinataka ukate tiketi mtandaoni mapema, nyingine unalipa getini. Beba fedha taslimu kidogo hata kama umezoea kugusisha kadi, maana kijijini mtandao wa simu hukatika. Saa za kawaida ni Jumapili kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni, tatu tu. Asubuhi ya siku yenyewe rudi kwenye tangazo uone kama hawajaahirisha kwa upepo au mvua.

Kwa vikundi kuna njia nyingine. Bustani nyingi zimeandikwa kwamba hupokea wageni kwa mpango: mnapiga simu au kuandika wiki kadhaa kabla, mnakubaliana siku, na mwenye bustani anawatembeza mwenyewe. Tangazo linataja idadi ya chini na ya juu ya watu. Kina mama wa kanisani, wa msikitini au wa kikundi cha kuchangiana wakishakusanyika kumi na tano, gharama kwa kichwa mara nyingi ni ileile na mnapata maelezo ambayo mgeni wa Jumapili hayapati. Tajeni mapema kama mna mahitaji ya chakula, na mtaje idadi ya kweli. Mkisema kumi na tano mkafika thelathini, hamtaalikwa tena.

Hatua ya 3: Kufika

Hapa ndipo siku nyingi huharibikia. Postikodi moja ya shamba inaweza kubeba eneo kubwa, na simu ikakupeleka mpaka kwenye lango la ng'ombe. Soma maelekezo yaliyoandikwa kwenye tangazo, kisha maili mbili za mwisho fuata vibao vya manjano vyenye mshale. Ukishaviona, zima sauti ya ramani.

Barabara za vijijini ni nyembamba, zimezibwa na wigo mrefu pande zote mbili, na gari moja tu ndilo linapita. Kisheria unaweza kuruhusiwa maili 60 kwa saa, lakini kwenye njia hizo 20 au 25 ndiyo akili. Mkikutana uso kwa uso, aliye karibu na sehemu iliyotanuliwa ya kupishana ndiye anayerudi nyuma. Nyanyua mkono kushukuru, kila mara.

Maegesho huwa ni uwanja wa nyasi wa jirani. Kama mvua imenyesha, ingia polepole, usisimame katikati, na egesha ukielekea mteremko ili kutoka kuwe rahisi.

Bila gari inawezekana, ila chagua kwa hekima. Mabasi ya vijijini Jumapili ni machache au hayapo, na Jumapili ndiyo siku reli hufanyiwa matengenezo, treni zikageuzwa mabasi. Angalia ratiba usiku wa kuamkia safari. Mahali pazuri pa kwenda kwa treni wakati wa tulipu ni Arundel huko West Sussex: unashuka stesheni na kutembea kwa miguu hadi kwenye ngome, ambako hupandwa tulipu kwa makumi ya maelfu. Ni bustani ya ngome, watu ni wengi na kiingilio ni kikubwa kuliko cha kijijini, lakini hutahitaji teksi.

Hatua ya 4: Nguo, mwili na swala

Aprili ya Uingereza humdanganya mgeni. Anachungulia dirishani, anaona jua, anatoka na shati. Joto la mchana kusini ni kama nyuzi 13, na wingu likipita mbele ya jua unalisikia mgongoni. Vaa tabaka tatu nyembamba kuliko koti moja zito. Koti la mvua ni bora kuliko mwavuli, kwa sababu kwenye vijia vyembamba mwavuli unavunja matawi na kuwachoma wengine macho.

Viatu viwe vyenye soli ya kushika. Visigino virefu vinatoboa nyasi ambazo mwenyewe amezilea majira yote ya baridi, na utaonekana. Dera na baibui ni sawa kabisa, ila upindo ukigusa nyasi zenye umande au mvua unalowa hadi magotini. Pandisha kidogo au vaa suruali ndani. Watoto wavae gambuti, hakuna mjadala.

Chavua ni jambo la kulichukulia kwa uzito. Aprili hadi katikati ya Mei mti wa birch hutoa chavua nyingi, na nyasi hufuata. Ukianza kupiga chafya, macho yakawasha na koo likakereketa bila homa, huenda ni mzio, wala si lazima uwe uliwahi kuupata nyumbani. Duka la dawa lolote lina vidonge vya cetirizine au loratadine bila cheti cha daktari. Muulize mfamasia, hasa kama una mimba, unatumia dawa nyingine au ndiwe dereva, kwani vipo vidonge vya mzio vinavyoleta usingizi.

Kupe wapo pia, wadogo kuliko wa ng'ombe, kwenye nyasi ndefu na msituni. Jioni jikague nyuma ya magoti na kiunoni. Ukimkuta, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja polepole. Likitokea doa linalotanuka katika wiki zinazofuata, mwone daktari na umwambie kuhusu kupe.

Kwa Waislamu, saa zikishasogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, adhuhuri huingia karibu saa saba mchana na alasiri mwishoni mwa Aprili hukaribia saa kumi na moja jioni. Bustani ikiwa inafunguliwa saa nane hadi saa kumi na moja, swali adhuhuri kabla ya kuingia, na alasiri baada ya kutoka. Mkiwa ndani na mnahitaji pembe tulivu, muulizeni mwenyeji tu. Kibla kutoka Uingereza ni upande wa kusini mashariki.

Choo: nenda kabla. Bustani nyingi za watu binafsi hazina cha wageni, na kuingia ndani ya nyumba si sehemu ya kiingilio.

Hatua ya 5: Getini

Umelipa, ndiyo, lakini bado umekwenda kwa mtu. Huyo aliyekaa kwenye meza ndogo mwenye kofia na kikapu cha fedha anaweza kuwa ndiye aliyechimba kila shimo humo ndani. Msalimie, mwambie mmetoka wapi, muulize kitu kimoja: leo nini kiko katika hali nzuri kuliko vyote? Atakunyooshea kidole mahali ambapo ungepapita bila kuangalia.

Hiki ndicho kinachowaudhi wenyeji, kwa uzito wake: kukanyaga kwenye matuta ya maua ili kupiga picha, kuchuma, kuvunja kijitawi cha kwenda kupanda, kuruhusu watoto wacheze mpira au wakimbie karibu na bwawa, na kuchungulia madirishani. Droni haiingii bila ruhusa. Mbwa, kama wanaruhusiwa, ni kwa kamba. Spika ya muziki na sufuria ya pilau zibaki kwenye gari. Pikiniki ni pale tu tangazo liliposema inaruhusiwa. Na usiulize nyumba ni ya bei gani. Kwetu hayo ni mazungumzo tu, huku yanachukuliwa vibaya.

Kina dada mnaotaka picha za sare za vitenge, semeni mapema. Wenyeji wengi hufurahi, na wengine watawaonyesha ukuta wenye wisteria. Kinachokataliwa ni kikundi kinachoziba njia nusu saa huku wengine wakingoja.

Hatua ya 6: Namna ya kutembea na kutazama

Zunguka mara ya kwanza bila kutoa simu. Fuata njia kuu, usisimame sana, upate picha ya mahali pote. Kisha geuka urudi kwa njia ileile. Bustani iliyopangwa vizuri huwa na mitazamo inayoonekana ukirudi tu, benchi lililokuwa nyuma yako au mti uliowekwa mahsusi mwisho wa kijia.

Tulipu zitazame mara mbili. Kunapokuwa na ubaridi zimefunga, zimesimama kama mayai juu ya vijiti, na kwa mbali zote zinaonekana ni rangi moja. Jua likishazipasha moto hufunguka kabisa. Inama sasa uchungulie ndani: chini kabisa ya ua jekundu kuna doa jeusi lenye ukingo wa manjano, na katikati vichomozo sita vya chavua vya zambarau iliyokolea. Nusu ya uzuri wa tulipu uko humo ndani, na anayepita wima haujui. Great Dixter, karibu na kijiji cha Northiam huko East Sussex, ndiko ambako mwandishi wa vitabu vya bustani Christopher Lloyd aliishi na kulima hadi alipofariki mwaka 2006, na tulipu zake huchanganywa na mimea mingine kwa rangi ambazo mtu mwoga asingethubutu kuziweka pamoja. Kwenye nyasi zake ndefu Aprili tafuta fritilaria, ua linaloning'inia lenye miraba midogo ya zambarau iliyokolea na iliyopauka, limepangwa sawasawa utadhani kuna mtu aliyelichora.

Blubeli ni mtihani wa adabu. Ukiikanyaga majani yake yanapondeka, na yakipondeka kitunguu chake chini ya udongo hakipati chakula cha mwaka ujao. Kaeni kwenye kijia, hata kama mtu mwingine ameshatoka na alama ya miguu ipo. Kuzing'oa zile za porini bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1981 ya kulinda wanyamapori na mimea. Kujua kama unayoiona ni ya asili ya Uingereza au ni ile ya Kihispania, tazama shina: ya asili hujikunja upande mmoja maua yakaning'inia, ina harufu tamu, na chavua yake ni nyeupe ya krimu. Ya Kihispania husimama wima, maua yameizunguka pande zote, harufu haina au ni kidogo. Emmetts huko Kent ni mahali pazuri pa kuziona, katika mteremko wa msitu.

Yapo ya kutogusa. Vitunguu vya dafodili vinafanana na vitunguu vya jikoni na ni sumu. Mama aliyetoka nyumbani akiona majani mabichi mapana msituni atakumbuka mboga, na kweli kitunguu saumu mwitu huliwa, lakini karibu nacho huweza kuota lili ya bondeni, yenye majani yanayofanana na yenye sumu ya moyo. Katika bustani ya mtu hilo halina mjadala, usichume chochote. Pia kuna mimea ya jamii ya mnyaa yenye maua ya kijani-manjano, mingi sana Aprili. Utomvu wake mweupe unachoma ngozi na macho kama ule wa kwetu.

Usiishie kwenye maua. Nenda nyuma, kwenye mboji, banda la kioo na matuta ya mboga. Huko ndiko mwenye bustani anapokuwa huru kuongea, na ndiko utajifunza. Muulize udongo wake ni wa aina gani, anafunika nini majira ya baridi, konokono anawadhibitije. Ndani ya banda la kioo au dirishani mwa nyumba huweza kuwa na kijichungu cha ua la African violet, lile dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Mwambie lilitoka Usambara: ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ulaya mwaka 1892, na jina lake la kisayansi la awali, Saintpaulia, lilitokana na familia yake. Wengi wanalo nyumbani miaka na miaka na hawajui kwao ni Tanga.

Kwa picha, siku ya mawingu ni bora kuliko jua kali, hasa kwa maua meupe. Piga picha ya ua, kisha mara moja ya kibao chake cha jina. Jina la Kilatini ndilo litakalokusaidia dukani.

Hatua ya 7: Chai

Chai na keki za nyumbani ni nusu ya siku. Keki ya limao, ya karoti na ile ya jamu katikati huisha mapema, kwa hiyo kama umefika baada ya saa tisa na nusu, kunywa kwanza kisha utembee. Chai itakuja na maziwa baridi pembeni. Ukitaka ya rangi, sema. Inaelekea kabisa majani yake yametoka Kericho au Nandi, kwa sababu Kenya imekuwa muuzaji mkubwa wa chai kwa Uingereza kwa miaka mingi. Kwa wanaojali halali, uliza kama kuna jelatini au pombe kwenye keki. Waliozioka wapo hapohapo na watakujibu bila kukisia.

Hatua ya 8: Meza ya miche

Miche ya hapa ni nafuu na imekua katika udongo na baridi ya eneo hilo, ndiyo maana huishi kuliko ya supamaketi. Uliza maswali mawili: inastahimili barafu? na inataka jua au kivuli? Isiyostahimili usiitoe nje mpaka katikati ya Mei ipite. Mchana iweke nje, usiku uirudishe ndani, wiki nzima hadi izoee. Ukipanga nyumba ya kukodi, panda kwenye vyungu ili uhame navyo. Snodropu nunua zikiwa bado na majani, zimetoka tu kuchanua; hushika vizuri kuliko vitunguu vikavu.

Kupeleka nyumbani ni habari nyingine. Mche, kitunguu au mbegu vinahitaji kibali cha kuingiza kutoka mamlaka ya afya ya mimea, yaani KEPHIS kwa Kenya na TPHPA kwa Tanzania, pamoja na cheti cha afya ya mimea kinachotolewa Uingereza, na bila hivyo vitachukuliwa uwanja wa ndege. Hata ukipata vibali, tulipu si ya kupelekwa Dar es Salaam wala Mombasa: inahitaji wiki 12 hadi 16 za baridi kabla ya kuchanua, na bila hizo hutoa majani tu.

Anayezitaka kwa bustani yake ya hukuhuku aagize vitunguu Septemba kwa yale majina aliyoyapiga picha, na avifukie Novemba, kina cha mara tatu ya urefu wa kitunguu, ncha ikitazama juu.